Anayelipia utafutaji wa kazi ni yule asiye na kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niujibu usemi ambao nimeusoma humu mara nyingi, na kuusikia mara nyingi zaidi kwenye daladala na misibani, kwamba vijana wa siku hizi hawana kazi kwa sababu wanachagua kazi. Mimi si mtaalamu wa uchumi. Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, yenye kompyuta mbili, mashine moja ya kutoa kopi na benchi la wateja, na wengi wanaokaa kwenye benchi hilo ni vijana wanaotafuta kazi. Huja kuchapa barua, kuskani vyeti, kufungua akaunti katika mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira, ofisi ya serikali inayoshughulikia ajira za umma, au kuniuliza tu kama kuna tangazo jipya. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na nakiri mapema kwamba shida yao ni sehemu ya riziki yangu.

Nianze na hesabu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilikuwa na nafasi 1,596 za kazi, na walioomba walikuwa 135,027. Mapema mwaka huohuo nafasi za ualimu 14,648 ziliombwa na watu 201,707. Ukigawanya, kila kiti kimoja cha mamlaka ya mapato kiligombewa na watu zaidi ya 84, na hata kama wote 84 wangekuwa wachapakazi wa kupigiwa mfano, 83 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Anayesema wanachagua kazi aniambie hao 83 walichagua nini.

Lakini uhaba wa nafasi unajulikana, na sikushika kalamu kwa ajili ya huo. Nataka kuzungumzia gharama ya kuomba kazi, ambayo watu walio kazini wameisahau au hawakuwahi kuilipa.

Nina mteja mmoja, binti wa Umalila, milimani nje ya jiji letu, ambaye baba yake analima viazi na pareto. Nitamwita Tumaini. Alimaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2022, na tangu hapo hubeba vyeti vyake katika bahasha ya kaki aliyoizungushia nailoni, kwa sababu mvua za huko kwao hazina adabu. Siku moja, akisubiri umeme urudi, alichukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine yangu akaandika nyuma yake matumizi ya ombi moja tu lililofika hatua ya usaili: kopi na kuskani 4,500, mhuri wa wakili kwa nakala saba 14,000, nauli ya kwenda Dodoma na kurudi 80,000, gesti ya usiku mbili 30,000, chakula 20,000. Jumla ikawa shilingi 148,500. Fedha hizo zilitokana na viazi ambavyo baba yake alikuwa amevitenga kwa mbegu.

Alikesha kwenye basi kupitia Makambako, Iringa na Mtera, akafanya mtihani wa mchujo uliochukua saa moja, akarudi. Hakuchaguliwa, na hilo halalamikii, maana mtihani ni mtihani. Anachouliza, nami naona ana haki ya kuuliza, ni kwa nini mtihani wa saa moja wa kalamu na karatasi usingeweza kufanyika hapahapa Mbeya. Matangazo ya usaili huwa na sharti ambalo vijana wamelikariri kama sala, kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa anayekaa jirani na ukumbi sharti hilo ni mstari mmoja wa maandishi. Kwa mtu wa wilaya za mbali kama Ileje au Makete ni bei ya mbuzi wawili.

Kisha kuna jambo la majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumaini, cha kidato cha nne kinasema Tumain, bila herufi ya mwisho, kwa sababu kuna mtu aliyejaza fomu za shule kwa haraka miaka mingi iliyopita. Herufi hiyo moja inamlazimu kijana atafute wakili wa kumwandalia hati ya kurekebisha jina, kisha hati hiyo isajiliwe kwa Msajili wa Hati, la sivyo siku ya usaili anaweza kurudishwa mlangoni. Simlaumu anayesimamia sharti hilo, kwa kuwa vyeti vya kughushi vipo na tumeona watumishi wakiondolewa kazini kwa sababu hiyo. Nashangaa tu kwamba kosa la karani linalipiwa na mwanafunzi.

Kuhusu mihuri ya wakili nina maneno zaidi, maana nafanya kazi mlango wa pili kutoka ofisi ya wakili na naona foleni. Waajiri wengi hutaka nakala za vyeti zilizothibitishwa tangu siku ya kutuma maombi. Tuseme nafasi moja ya karani imeombwa na watu 200, kila mmoja akithibitisha nakala tano kwa shilingi 2,000. Hizo ni shilingi milioni mbili zilizotoka kwa watu wasio na kipato, wakati mwajiri ataita kumi tu, na bahasha za wale 190 hatazifungua hadi ukurasa wa pili. Kuthibitisha kungeweza kusubiri mpaka mtu aitwe. Vyeti halisi msailiwa huja navyo siku ya usaili kwa vyovyote vile.

Upande wa waajiri binafsi gharama ni za namna nyingine. Juzi kijana alinionyesha kwenye simu tangazo alilolipiga picha ukutani maeneo ya Kabwe, la kutafuta muuza duka wa vifaa vya ujenzi: awe na uzoefu wa miaka mitatu, barua ya serikali ya mtaa, na wadhamini wawili wenye nyumba zao. Najua kwa nini mwenye duka anaandika hivyo, kwa kuwa ameibiwa au amemwona jirani yake akiibiwa. Ila mtoto wa mpangaji atampata wapi mwenye nyumba wa kumdhamini, tena wawili? Na uzoefu wa kupima misumari kwenye mzani unahitaji miaka mitatu kweli?

Linaloumiza kuliko yote ni ukimya. Mfumo wa serikali, pamoja na lawama zake, angalau unamwezesha mwombaji kuingia na kuona ombi lake limefikia wapi. Kampuni, shule binafsi na maduka makubwa ya hapa kwetu hupokea bahasha na barua pepe, na ikawa ndiyo mwisho. Nina kijana ambaye nimemchapia barua 31, nikibadilisha jina la mwajiri na tarehe tu, na hajawahi kupata jibu lolote, hata la kukataliwa. Jibu la kukataliwa lingemsaidia. Pasipo jibu, mtu hujaza mwenyewe ile nafasi tupu: atasema hana koneksheni, atasema nafasi ilikuwa na mwenyewe, na huenda anamsingizia mwajiri ambaye hakufanya lolote baya zaidi ya uvivu wa kuandika mistari miwili. Katika ukimya huohuo ndipo matapeli wanapoingia. Ujumbe ukifika kwenye simu ukisema umechaguliwa, tuma 30,000 ya fomu, aliyesubiri miezi minane bila kusikia neno ataamini haraka kuliko wewe na mimi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawataka mawakala binafsi wa ajira wasimtoze ada anayetafuta kazi. Hilo nimelichapa kwa herufi kubwa na kulibandika juu ya benchi, na bado mwezi uliopita mmoja alituma.

Je, hakuna wanaochagua? Wapo. Nimewahi kumwambia kijana mwenye shahada kwamba jamaa yangu Mafinga anatafuta mtu wa kuhesabu na kupakia mbao, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Lakini kwa kila mmoja wa aina hiyo nawajua kadhaa waliochuma chai Mufindi, waliofungasha parachichi Njombe na Rungwe msimu ulipofika, na wanaoendesha bajaji za watu hapa mjini huku vyeti viko chini ya godoro. Tena kibarua cha siku na utafutaji wa kazi haviendi pamoja vizuri, kwa sababu ukiitwa usaili Jumatano unakipoteza kibarua, na tajiri wa bajaji humpa mwingine siku hiyohiyo. Wazee wetu walio wakali zaidi juu ya jambo hili waliingia kazini kwa njia nyingine kabisa. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliajiriwa katika reli ya TAZARA miaka ya 1970 kwa barua moja ya mkono, na hakuwahi kulala nje ya Mbeya kwa ajili ya kuomba.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Waajiri wa umma na wa binafsi waache kudai nakala zenye mhuri wa wakili kabla ya kumwita mtu. Wenye kampuni na maduka wa Nyanda za Juu Kusini waandike jibu, hata la ujumbe wa simu, kwa kila waliyepokea barua yake. Na mitihani ya mchujo isogezwe mikoani. Jambo hilo linawezekana, kwa kuwa mwaka 2025 usaili wa walimu ulifanyika mikoani, nao wa mamlaka ya mapato ulifanyika katika mikoa kadhaa badala ya mmoja. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na kampasi ya Mzumbe, Iringa ina Mkwawa na vyuo vingine, na kumbi zao huwa wazi wanafunzi wakiwa likizo. Mtu wa Umalila akifanya mtihani wake hapa asubuhi, jioni atalala kwao, na mbegu za viazi zitabaki ghalani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya