Mvanangu Somoe

Mwanangu Somoe,

Najua hapa juu umesoma "Mvanangu", ndiyo maana kwenye kichwa cha barua nimekuwahi. Umejifunza kusoma kwa Wajerumani, na kwao W ni V, Z ni TS, J ni Y. Juzi ulikuwa unamsomea Sele kile kitabu cha hadithi alichotuletea shangazi yako, fisi akawa anamuuliza sungura "yina lako nani?", na sungura naye anajibu bila wasiwasi wowote. Mimi niliyefundisha Kiswahili sekondari miaka 11 nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, sijui nije kusahihisha au nicheke. Nikacheka. Basi hii isome polepole, kwa sauti, na ukikwama njoo uniulize.

Kuna jambo nataka kukuomba radhi, na mdomoni limegoma kutoka. Kila nikilianza unaniambia "Baba, gleich", hiyo "sasa hivi" yenu isiyofika, unakimbilia mambo yako. Kwenye karatasi huna pa kukimbilia.

Tulifika Berlin Novemba 2022, wewe una miaka mitano, Sele miwili. Mama yenu alikuwa ametutangulia mwaka mzima. Yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, akasoma Kijerumani usiku akitoka zamu mpaka akafika ile ngazi ya B2 wanayodaiwa wauguzi wageni. Sisi tulikuja kwa jina lake. Kwenye karatasi zangu za ukaazi mimi ni mume wa mtu, basi. Pale Lindi nikipita sokoni naitwa mwalimu na watu ambao sikumbuki hata niliwafundisha lini. Huku, kwenye orodha ya namba za simu za wazazi wa kita, hiyo chekechea yao, nikaandikwa "Papa Somoe". Siku hizi nalipenda jina hilo. Mwanzoni liliniuma.

Ile kita huikumbuki vizuri, lakini mimi naikumbuka kila kona. Ada hakuna, Berlin waliifuta 2018, unatoa euro 23 kwa mwezi za chakula tu. Jamaa zangu nilipowatajia walidhani nimesahau sifuri. Ila hawapokei mtoto mlangoni ukaenda zako. Wana utaratibu wao wa kumzoeza: siku tatu za kwanza mzazi hatoki chumbani, anakaa pembeni, hachezi, haamrishi, yupo tu. Siku ya nne ndipo anatoka dakika chache waone mtoto atafanyaje. Nikapewa kiti kinachonifika gotini. Nimezoea kusimama mbele ya wanafunzi 70, leo nimekunja miguu mpaka magoti yanagusa kidevu, namtazama nduguyo anapanga treni ya mbao. Siku ya nne nikatoka. Sele hata kichwa hakugeuza. Wiki ya pili mwalimu akaniashiria kwamba imetosha, naweza kwenda nyumbani. Sikwenda. Nilisimama kwenye korido nikisoma majina ya watoto juu ya ndoano za makoti, moja baada ya jingine, mpaka saa ya kuwachukua ikafika. Nyumbani kulikuwa na nini?

Halafu ile suruali ya matope! Nilipewa karatasi ya vitu vya kununua, nikamwonyesha mama yako, nikajua amekosea kutafsiri. Kwetu wingu likitanda bibi yako anaita watoto wote ndani, hata wa jirani. Huku mvua ikianza wanavalishwa mpira kuanzia kiunoni mpaka miguuni na kutolewa nje wakacheze. Ulirudi siku ya kwanza una udongo kwenye nyusi, na hujawahi kufurahi vile.

Siku ya kuchelewa lakini unaikumbuka, maana bado unanitania nayo. Kita ilikuwa inafunga mapema, na mwalimu aliniambia niwachukue "halb drei". Nikajipigia hesabu kichwani kama mtu aliyesoma: drei ni saa zao 3, kwetu saa 9. Halb ni nusu. Saa 9 na nusu. Nikafika saa 9 na dakika 20, najisifu njiani kwamba leo nimewahi. Chumba kilikuwa giza. Mlikuwa mmekaa kwenye benchi la korido, wewe na Sele, makoti yamefungwa mpaka shingoni, kofia kichwani, na mwalimu kando yenu ameweka mkoba wake mapajani. Sele amelala begani kwako. Ulikuwa umekaa wima kabisa ili asianguke. Hukulia. Uliniuliza jambo moja tu: "Baba, ulipotea?"

Sikujua kwamba nusu ya Wajerumani inatangulia. Kwao halb drei ni nusu ya kuiendea saa 3, siyo ya kuipita, yaani kwetu saa 8 na nusu. Nilimwomba mwalimu msamaha kwa Kiingereza, akanijibu kwa Kijerumani, na wewe, ambaye ulikuwa na miezi minne tu katika nchi hii, ukaniambia: "Anasema si neno, lakini kesho uwahi."

Ilianzia hapo.

Ulimi wako ulienda mbio. Ulipoanza shule Septemba 2023, ile Jumamosi mliyobebeshwa makoni makubwa ya karatasi yamejaa pipi na penseli, mwalimu mkuu alihutubia dakika 20, na neno nililolidaka bila kusaidiwa lilikuwa Schule, kwa sababu ni letu pia, walituachia wao. Mengine yote ulininong'oneza wewe. Ukifika nyumbani ukawa unachanganya, "Baba, nishafertig," yaani nimeshamaliza, na siku moja ukamwambia hivyo bibi yako kwenye simu alipokuuliza kama umekula. Akanyamaza kidogo, akaniita mimi: "Huyu mtoto ana nini? Fetiki ndiyo ugonjwa gani?" Tulicheka sana siku ile. Mimi nilikuwa najivuna, siwezi kukuficha. Nilimtumia baba yako mdogo sauti yako ukiongea na jirani wa chini, nikaandika: sikiliza, Mjerumani wangu huyu.

Kwa hiyo nikakutumia. Neno lenyewe ndilo hilo. Barua zikija, na nchi hii inaishi kwa barua, nilikuwa nazipanga mezani nakusubiri utoke shule. Mama yenu yuko zamu au amelala baada ya zamu, simwamshi. Ile ya bili ya kupasha nyumba joto uliisoma na kidole chini ya mstari, miaka sita, meno ya mbele hayajaota: "Baba, wanasema hatujalipa... nein, tumelipa, lakini tumetumia nyingi." Ukaniangalia kama unaniomba radhi wewe. Fundi wa bomba, mtu wa posta, mama wa ghorofa ya tatu aliyekuja kulalamikia kelele za Sele Jumapili. Wote walikuwa wanakutazama wewe chini, mimi nimesimama nyuma yako mrefu kama mlingoti.

Februari 2024 nilikwenda kwa daktari, nikakuchukua. Usingizi ulikuwa umenikimbia tangu Desemba, ule mwezi jua linalozama kabla ya saa 10 alasiri. Daktari akauliza, ukanitafsiria: hulali kwa sababu gani? Nikakwambia, mwambie ni baridi. Ukanitazama. Kisha ukamgeukia ukaongea, na ulichoongea kilikuwa kirefu kuliko "ni baridi". Nilishika neno moja tu, Arbeit, kazi. Daktari aliacha kuandika. Alinitazama mimi, safari hii si wewe, akasema jambo taratibu, na wewe hukulitafsiri. Ulikuwa unachezea zipu ya koti lako, unaipandisha, unaishusha.

Nilikuwa najua umeniona. Mara mbili tatu ulipoamka kwenda chooni ulinikuta nimekaa jikoni gizani, nikakwambia nakunywa maji.

Sijakuuliza mpaka leo ulimwambia nini yule daktari, na sitakuuliza. Kama ni kweli tupu, ilikuwa haki yake kuijua. Lakini haikuwa kazi yako kuisema. Hilo ndilo ninalokuomba radhi, mama. Na barua za bili, na yule mama wa ghorofa ya tatu. Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na huenda hapo nilijisahau, nikadhani kweli wewe ndiye mkubwa.

Wiki iliyofuata nilijiandikisha kwenye darasa la jioni. Wewe uliniona natoka tu na begi, ukaniuliza kama Baba naye anapelekwa kita. Hujakosea sana. Nilikaa na Wasiria, Waukraine na kijana mmoja wa Eritrea, viti angalau vilikuwa vya watu wazima. Siku tuliyofundishwa saa, mwalimu alipoandika "halb" ubaoni, nilicheka peke yangu darasa zima likageuka.

Agosti ya mwaka huo huo wa 2024 wakabadilisha vibao vya mtaa wetu. Ile barabara iliyopewa hapo mwanzo jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, ikagawanywa majina mawili, upande mmoja Anna-Mungunda-Allee, upande mwingine Maji-Maji-Allee. Ulikisoma kibao kwa sauti: "Mayi-Mayi." Sele akasikia mayai, akaanza kucheka. Palikuwa na mzee amesimama na mbwa wake, akatuuliza maana yake nini. Ulikuwa umeshafungua mdomo. Nikakuwekea mkono begani nikajibu mwenyewe. Wasser, nikamwambia, maji. Nikamwambia habari ya 1905, ya Kinjikitile kule Ngarambe na maji ambayo watu waliamini yatayeyusha risasi, ya njaa iliyokuja baada ya vita ikaua wengi kuliko hizo risasi. Nilikuwa natoka jasho. Nilisema "der Wasser", nawe ukaninong'oneza, "das, Baba." Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Mbwa wake alikuwa ameshalala.

Ndiyo sababu Jumapili yake nikawapandisha treni ya U6, tukashuka Naturkundemuseum, penye jumba la makumbusho, kumwona yule dinosaria, mjusi mkubwa wa Tendaguru. Tendaguru ulilisoma sawasawa, maana halina J, Z wala W. Nikawaonyesha kwenye ramani, ni huko huko kwetu, bara kidogo kutoka Lindi mjini. Kati ya 1909 na 1913 ile mifupa ilichimbwa na watu wa kwetu, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku nne mpaka bandarini. Sasa imesimamishwa hapa, kimo zaidi ya mita 13, na sisi tunakata tiketi kuitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali magumu. Sele akauliza kwa nini hawakupanda basi. Wewe ulikaa kimya, halafu ukauliza kama bibi anajua kwamba yupo huku. Tulimpigia palepale, chini ya shingo yake. Bibi yako akamtazama kwenye simu, akasema huyo ni ng'ombe wa shetani, mtoeni mtoto hapo.

Sasa la mwisho. Barua ya shule iliyokuja juzi nimeifungua mimi, ndiyo maana hukuiona mezani. Jumanne kuna kikao cha wazazi wa darasa lako, na nitakwenda peke yangu. Wewe utabaki na mama yako, usije kunisubiri mlangoni. Nitakaa kwenye kiti chako, najua tena ni kidogo. Wameandika halb sieben. Saa 12 na nusu jioni. Nimeihesabu mara mbili.

Baba yako