Kijana wangu si kasuku

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, na kama Kiswahili changu kina kasoro mnisamehe, mi nimekulia kambi ya askari hapa Jinja, Uganda, na hiki ndo tunachoongea. Mume wangu ni mtu wa Arua, mi Msoga, bila Kiswahili nyumbani hatuelewani.

Kijana wangu ana miaka sita, haoni tangu azaliwe. Mwaka jana nilimpeleka nasari moja ya jirani, wiki ya pili tu madamu akaniita pembeni akasema mama, huyu shida yake si macho, ni kichwa. Kisa? Akimuuliza "unataka uji?" mtoto anajibu "unataka uji". Akimwambia "keti" naye anasema "keti" halafu amesimama vilevile. Wenzake wakaanza kumwita kasuku. Nikamtoa, na sitaficha, nilirudi nalia juu ya boda mpaka mwenye boda akapunguza mwendo.

Bahati nikaja kukutana na mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalum Chuo Kikuu cha Kyambogo, naye mwenyewe haoni. Alicheka! Akasema mama, kwa huyo mtoto "unataka uji" ndo neno la kuuita uji. Kila uji ukija kuna sauti inatangulia na maneno hayo, sa akiona njaa unategemea aseme nini? Mtoto mwenye macho anatazama nani anamwongelesha nani, baba akisema "umechoka" uso umegeukia kwa mama, kwa hiyo anashika mapema kwamba hiyo "u" inahamahama, sasa hivi ni mama, baadaye ni yeye. Asiyeona anapata sauti tu, bas. Ndo maana "ni" na "u" zinawasumbua wengi wao muda mrefu kidogo, na kurudia maneno ya watu ni njia yao ya kubaki kwenye maongezi wakati bado wanayachambua. Wangu alikuwa anasema "shikamoo-marahaba" kwa pamoja kama neno moja, afande wa mlango wa pili akapenda, akawa anamjibu "hujambo-sijambo". Mwezi wa pili mwaka huu nipo uani nazoa majivu ya sigiri nikasikia "mi NATAKA chai!", majivu yote nikayamwaga miguuni.

Lakini mhariri kilichonifanya niandike ni sisi wakubwa. Baada ya yule mwalimu nilijisikiliza siku nzima. Leta hicho. Weka pale. Usishike kile. Si huyo, yule. Banange! Hiki, hicho, kile, hapa, hapo, pale, hivo vyote nyuma yake kuna kidole au jicho, ukiviondoa mtoto anabaki na kelele. Halafu tunasema hana akili. Sa hivi nasema chukua kikombe cha bati kwenye stuli, mkono wa kulia, na anachukua. Neno nalitamka wakati kitu kiko mkononi mwake, si baada ya dakika tano. Majuzi tunamenya matooke, utomvu ukamnata vidoleni akauliza "mama, hii ni gundi?" na neno gundi alilipata kwa baba yake akitengeneza kiatu, siku hiyo alipakwa kidogo kwenye kidole gumba. Nikamwambia ni utomvu. Akalirudia mara kama ishirini, nami nikamwacha.

Tena alipokuwa mdogo nikirudi kutoka sokoni alikuwa ananyamaza kimya, anaganda, mama mkwe akasema hata hakutaki huyu. Kumbe alikuwa anasikiliza! Uso hauonyeshi kitu, ila vidole vinachezacheza. Tangu nianze kutazama mikono yake badala ya uso, tukaanza kuelewana.

Midomo nayo. Alikuwa ananiita "nana". Mtoto anayeona anaona midomo ikifungwa kwenye "m", yeye ataionea wapi, na kwa sikio "m" na "n" zimekaribiana sana. Nikamwekea vidole vyake mdomoni kwangu, mmm, akacheka, baada ya siku chache nikawa mama.

Kingine, wageni wanaogopa kutamka "ona" mbele yake, wanajing'ata ulimi na kuomba radhi. Ya nini? Kiswahili chenyewe tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona uchungu, jicho liko wapi hapo? Yeye mwenyewe anasema "nione hiyo" na mikono imeshatangulia. Mwalimu akanisimulia utafiti wa Barbara Landau na Lila Gleitman wa Marekani, waliutoa 1985, mtoto wa kike asiyeona aliambiwa atazame juu, akainua mikono, kichwa kikabaki palepale. Wenye macho waliofungwa kitambaa wao waliinua uso. Nikajaribu nyumbani, kaka yake nikamfunga leso. "Tazameni juu!" Mkubwa akainua kidevu, mdogo akainua mikono miwili mpaka akaishika kamba ya nguo, akasema "nimeiona, imelowa".

Sasa tangu 2022 baraza la mawaziri limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima praimari na sekondari, vizuri sana, mi nimefurahi kuliko wengi. Ombi langu kwa wanaoandaa masomo ni dogo: somo likianza na "tazama picha hii, huyu ni nani?" wangu atajibu nini? Mpeni chungwa, mpeni ufagio, mpeni kiatu cha mwalimu, maneno yatakuja.

Na wewe madamu wa ile nasari, sikutaji jina. Ila juzi yule mtoto wa "kichwa" kaniuliza kasuku ana midomo? Nikamwambia hana, ana mdomo mgumu kama kucha. Akakaa kimya kidogo, vidole kwenye midomo yake. "Sasa anasemaje mama?"

Nimekosa jibu. Mwenye kulijua aandike hapahapa gazetini, nitamsomea.

Mama wa kasuku,
Jinja