Shukeni Kwanza Nyumbani kwa Mfinyanzi: Barua kwa Walezi wa Vijana wa Mbeya, Rungwe na Kyela

Wapendwa walezi na walimu wa vijana,

Bwana Yesu asifiwe. Nawaandikia nikiwa mwinjilisti mstaafu ambaye bado mnamwita kwenye semina zenu, na ambaye huko huulizwa swali lile lile kwa namna nyingi: mzee, mifano ya kuwafundishia vijana tunaitoa wapi? Wengine huongeza kwamba vijana wa siku hizi hawasikilizi neno lisilogusa maisha yao. Hilo ni kweli, ingawa hata sisi wa zamani hatukulisikiliza; tulikuwa tu watulivu zaidi kwenye mabenchi. Nimeona ni vema niwajibu wote kwa maandishi, kwa sababu jibu langu lina lawama kidogo ndani yake, na sipendi lawama hiyo imwangukie mtu mmoja.

Mifano ipo tele, wanangu, ila tunaikimbilia mno. Tunalitupia jambo jicho la haraka, tunakata kipande chake kinacholandana na aya tuliyokwisha kuichagua, kisha tunapanda nacho mimbarini kabla hatujajua jambo lenyewe linavyokwenda. Kama hasara yake ingekuwa mahubiri kupwaya tu, nisingeandika barua. Hasara yake ni kwamba kwa njia hiyo tunaweza kumfundisha kijana habari za Mungu asiyekuwapo.

Chukueni hesabu ya bajaji, ambayo nimeisikia ikihubiriwa mbele ya vijana zaidi ya mara moja. Mhubiri husema kwamba kama dereva anavyompelekea bosi wake hesabu kila jioni, ndivyo kila mmoja wetu atakavyotoa hesabu mbele za Mungu. Wazee huitikia amina. Lakini watazameni vijana wanaoegesha Mwanjelwa, Kabwe na Soweto hapa Mbeya mjini, nanyi mtawaona wakitupiana macho. Wao wanajua kwamba hesabu ni kiasi kilichokwisha kupangwa, kisichojali mvua, wala msiba, wala siku ambayo trafiki amekuweka pembeni tangu asubuhi. Mafuta ni juu ya dereva. Zikipungua, unafidia kesho. Zikipungua siku kadhaa mfululizo, funguo zinarudi kwa mwenye chombo, na wanaozisubiri ni wengi. Aliye kwenye mkataba, yaani anayelipa kidogo kidogo mpaka bajaji iwe yake, ana hofu kubwa zaidi, kwa kuwa anaweza kunyang'anywa wakati amebakiza miezi michache tu. Kijana wa namna hii akiambiwa kwamba Mungu naye anadai hesabu jioni, mnadhani ataelewa nini?

Ataelewa kile kile alichokielewa mtumwa wa tatu katika Mathayo 25, aliyemwona bwana wake kuwa mtu mgumu, avunaye asipopanda, akaogopa, akaenda akaificha talanta ardhini. Mhubiri wetu, pasipo kukusudia, ameyachukua maneno ya mtumwa yule na kuyafanya kuwa Injili. Bwana wa mfano ule hakumpangia mtu kiasi cha kuleta. Aligawa kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, na yule aliyeleta faida ya talanta mbili alisifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa aliyeleta faida ya tano. Mfano ule una ukali wake mwishoni na sisemi tuufiche. Lakini mwalimu anayejua kwa undani maisha ya dereva angeweza kusimama mbele ya vijana wale na kusema: bosi wa hesabu mnamjua kuliko mimi, basi someni hapa mniambie huyu bwana anatofautiana naye wapi. Mara nyingi tofauti ndiyo inayofundisha, nasi tumezoea kutafuta mfanano tu.

Ndiyo maana napenda sana sura ya 18 ya Yeremia. Mtu yule alikuwa nabii, na Mungu angeweza kusema naye popote alipo. Hata hivyo aliamriwa kwanza aondoke, ashuke mpaka nyumba ya mfinyanzi, na kwamba huko ndiko atakakosikizishwa maneno. Akashuka. Akamkuta mfinyanzi kazini, kwenye magurudumu yake. Akaona chombo kikiharibika mkononi, na mfinyanzi akiufanya udongo ule ule kuwa chombo kingine, kama alivyoona vema. Neno lilimjia baada ya hayo yote. Hakwenda na fundisho mfukoni akitafuta mfinyanzi wa kulithibitisha.

Someni na sura ya 19, ambayo tunairuka. Humo Yeremia anatumwa akanunue gudulia la mfinyanzi, akalivunje mbele ya wazee, na kutangaza kwamba watu na mji watavunjwa kama chombo kisichoweza kutengenezwa tena. Msomaji asiyejua kazi hii atauliza imekuwaje: jana chombo kilichoharibika kilifinyangwa upya, leo kilichovunjika hakitengenezeki. Ninyi wa Kyela mnaweza kumjibu bila kufungua kitabu cha ufafanuzi. Wanawake wa Kikisi pale Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, wamefinyanga vyungu vizazi hata vizazi, na vyungu vyao vinafika Tukuyu na Mbeya mjini. Mwulizeni mama yeyote pale, atawaambia kwamba chungu kilichopinda kikiwa kibichi kinabomolewa, kinatiwa maji, kinakandwa, na hakuna kilichopotea ila muda wake. Kikishapita motoni ni habari nyingine. Kikipasuka, kimebaki vigae. Sura hizo mbili zimetenganishwa na moto, na Yeremia alijua hivyo kwa sababu alikuwa ameshuka.

Hapo naomba tahadhari. Msichukue habari hiyo ya moto mkawatishie watoto wa kipaimara, kana kwamba aliyekosea akiwa na miaka ishirini amekwisha kuchomwa. Maneno yale yalisemwa juu ya taifa na ufalme, na sura ya 18 yenyewe inaeleza kwamba taifa likigeuka na kuacha uovu, Mungu naye anaghairi. Ujuzi wa kazi ya mikono unatusaidia kuielewa aya. Hautupi ruhusa ya kuipeleka isikokwenda. Ndugu zangu wa Rungwe wana jaribu kama hilo kwenye Yohana 15, kwa sababu wanapogoa chai kila baada ya miaka kadhaa na wangependa kuifananisha na mzabibu. Sawa, lakini chai hupogolewa ili ibaki chini na itoe majani, mzabibu husafishwa ili uzae matunda. Mwambieni kijana na tofauti hiyo, maana mchuma chai anaijua na atawaona mmemdanganya.

Mifano ya Bwana Yesu, alama yake moja ni kwamba mwenye kazi hawezi kuicheka. Mwanamke anayesitiri chachu katika unga, wavuvi wanaoketi pwani kuchagua samaki wema na kuwatupa wabaya, mpanzi ambaye sehemu ya mbegu zake inaangukia njiani: hakuna hapo jambo ambalo fundi wake angelikanusha. Alilelewa nyumbani kwa seremala, akaishi kati ya watu wa kazi miaka mingi kabla hajafungua kinywa hadharani. Sisi tunataka kupata mfano Jumamosi usiku kwa kupekua simu, kisha tunashangaa kwa nini hauna uzito.

Kuhusu vibarua nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tunapowaumiza vijana zaidi. Mathayo 20 inasimulia mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kuajiri alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja jioni, saa moja tu kabla jua halijazama. Akawauliza waliosimama pale kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi. Wakajibu kwa sentensi moja: kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri. Hakubishana nao. Hakuwapa semina ya kujituma. Aliwapeleka shambani, na jioni akawalipa dinari, ujira wa siku nzima, kwa sababu alitaka kufanya hivyo na mali ilikuwa yake. Sasa linganisheni na mahubiri mangapi mliyowahi kuyasikia, pengine kuyatoa, ambamo kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayeshinda kijiweni akisubiri gari la kupakia mchanga anaitwa mvivu na kupelekwa kwa chungu, yule mdudu mchapakazi wa Methali 6. Chungu yule ni neno la Mungu, nami siwezi kumfukuza; lakini lilisemwa kwa mtu aliyelala wakati kazi ipo. Kabla hamjachagua mojawapo ya sura hizo mbili, nendeni kijiweni saa kumi na mbili asubuhi mhesabu waliokwisha kufika. Mtu anayedamka hivyo siku baada ya siku akirudi mikono mitupu hahitaji kuambiwa habari za chungu.

Liko na jambo ambalo nataka mlifanyie ukali zaidi, nalo ni majanga. Barabara yetu kuu ya kwenda Zambia ina miteremko, na malori yanaposhindwa breki watu hufa, mara nyingine vijana wetu. Jumapili inayofuata hutokea mtu wa kusema kwamba Mungu alikuwa akizungumza na mji, au kwamba marehemu walikuwa safarini kwenda kwenye anasa. Bwana wetu aliletewa habari ya namna hiyo katika Luka 13, naye mwenyewe akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Aliuliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawaita waliokuwa hai watubu, bila kuwafanya waliokufa kuwa kielelezo. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Mtu anayetafuta fundisho katika tarehe ile angelipata kirahisi, tena lenye kuvutia machozi, na lingekuwa fundisho la uongo. Jengo huanguka kwa sababu zinazochunguzika: nondo, saruji, idadi ya ghorofa, ukaguzi. Kijana wa Kikristo anayesoma ufundi wa ujenzi na afundishwe kwamba kutopunguza saruji ni sehemu ya kumpenda jirani, na mahubiri yaishie hapo. Msibani kaeni na wafiwa, bebeni maji, chimbeni kaburi. Mafundisho yasubiri.

Vilevile siri za vijana si mifano. Binti aliyekueleza mambo ya nyumbani kwao hakukupa kielelezo cha kesho asubuhi, alikupa mzigo. Ukisema mimbarini "yuko kijana mmoja hapa kati yetu", katika ushirika wa watu mia moja na hamsini umekwisha kumtaja jina. Na ukipeleka habari yake kwenye kundi la simu "kwa ajili ya maombi", umemtaja mara mbili. Hata akikubali itumike, ngojeni muda upite, kisha mwacheni aiseme mwenyewe kwa kadiri atakayopenda.

Wengine mtauliza kama namaanisha kwamba tuache kabisa kuyaangalia maisha ya kila siku. La. Sisi Wamoravian tumerithi njia nyingine ambayo inaanzia upande wa pili. Mwezi Mei 1728, kule Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wetu Zinzendorf aliwapa ndugu neno la kwenda nalo siku iliyofuata, ikawa desturi ya kulipeleka nyumba kwa nyumba, na kuanzia 1731 maneno hayo yakachapishwa kitabuni kwa mwaka mzima. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo. Aya inatolewa asubuhi, na mtu anaondoka nayo kwenda kwenye ng'ombe, sokoni au gereji, bila kujua itamkuta wapi. Siku nyingi haimkuti popote. Inabaki tu kichwani. Siku nyingine, katikati ya ugomvi wa chenji, inamshika mkono. Wafundisheni vijana utaratibu huu mtulivu, nanyi wenyewe muushike, kwa sababu unamwacha Mungu achague saa ya kusema, wakati njia yetu ya kuwinda mifano inamlazimisha aseme kila Jumapili saa nne asubuhi.

Kwa kambi ya vijana inayokuja nina ombi la kiratiba. Ondoeni mada moja, hata kama ni yangu. Mahali pake mpeni nafasi kijana mmoja anayefanya kazi, awe fundi pikipiki, msusi, wakala wa fedha za simu au mchuma chai, aeleze kazi yake kuanzia anapofungua mpaka anapofunga: anapata nini, anaibiwa wapi, anajaribiwa wapi kuiba, ni kitu gani mteja hakijui. Asiombwe kutoa fundisho. Mlezi naye asilitoe. Kazi yake iwe kuuliza maswali mpaka aelewe. Biblia zifunguliwe baadaye, na wa kwanza kuzungumza wawe vijana wenyewe. Kama kuna aya inayoingia hapo wataiona, na kama hawajaiona msiwasukume wala msiitengeneze. Ombeni, kaleni chakula, mwendelee na ratiba.

Wenu katika Kristo,
Mwinjilisti mstaafu, Mbeya