Barua kwa Mjomba kuhusu ile video ya sekunde 90

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu katika kundi la ukoo kila anayekujibu huambiwa hana adabu, na kwa sababu uchaguzi wa 2027 unakaribia na simu yako imeanza tena kutuletea picha za mapanga.

Unaikumbuka video uliyotutumia Julai 2017? Ilionyesha Kenya ya mwaka 2020 iwapo Raila Odinga, sasa marehemu, angeshinda: njaa, vurugu, magaidi. Wakati ule WhatsApp haikuwa bado na alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, maana alama hiyo ilikuja Julai 2018, kwa hiyo mama aliipokea kama neno lililotoka kinywani mwako. Desemba ya mwaka uleule shirika la Privacy International lilieleza kuwa kampeni ya mtandaoni iliyotoa video ile ilitengenezwa na Harris Media, kampuni ya Texas, Marekani. Machi 2018, kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza iliwanasa wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni za kisiasa, wakijigamba kwa kazi waliyoifanyia kambi ya Uhuru Kenyatta. Mmoja wao alisema hakuna faida kupigania uchaguzi kwa ukweli wa mambo, kwani kinachoamua ni hisia.

Sikulaumu kwa kuogopa. Ulikuwa Likoni Agosti 1997, watu wa bara waliposhambuliwa na kuuawa, na zaidi ya watu 1,100 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hawakuwa mchezo wa kuigiza. Lakini ndipo ninapokasirika hasa: watu wale wa mbali walileta picha na muziki tu, kumbukumbu wakaikuta kwetu, tayari, bila gharama.

Mama aliitazama mara mbili. Akanunua pakiti 12 za unga, akajaza maji mitungi yote, nasi tukapakia magodoro kwenye tuktuk mchana kweupe tuje kwako. Jirani yetu, mtu wa bara aliyekuwa akitukopesha maziwa dukani kwake, alisimama mlangoni akauliza tumesikia nini. Mama akamjibu, "Hatujasikia kitu, twaenda kumsalimu kaka," huku jasho likimtoka na Kurani imefungwa kwenye leso kwapani. Siku ya pili yake yule bwana akafunga duka, akapanda basi kwenda kwao na wanawe watatu. Video hakuwahi kuiona, Mjomba. Alituona sisi. Na hakurudi.

Kabla hujatuma nyingine, nipigie kwanza unieleze nani kakutumia, na yeye kaipata kwa nani. Na ikiwa bado unayo namba ya yule jirani, nipe, kwa sababu mama anadaiwa shilingi 840 za maziwa tangu Agosti ile, na kila kampeni zikianza huzitaja.

Mpwa wako.