Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu Wanachama,

Mahudhurio na hesabu za mwaka zimo katika taarifa za katibu na mweka hazina, nami sitazirudia. Nitaeleza jambo moja lililotawala vikao vyetu, yaani maisha ya Steven Bradbury wa Australia, ambaye kamati ilimteua awe somo la usalama kwa wachezaji wetu wa mbio fupi za kuteleza kwenye barafu.

Wengi mnamkumbuka kwa fainali ya mita 1,000 kule Salt Lake City, Februari 2002, alipokuwa wa tano kati ya watano hadi kona ya mwisho, ambapo wanne waliomtangulia, akiwemo Apolo Anton Ohno wa Marekani, waliangushana, yeye akapita wima na kutwaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kwa Kizio cha Kusini cha dunia. Baadhi yenu mlisema kikaoni kwamba ile ilikuwa bahati ya mtende. Sikatai, ila kukaa nyuma kulikuwa mpango wake: alijua kasi yake haiwafikii wenzake, na alijua kuwa katika mzunguko wa mita 111 watu huvaana.

Alijua kwa mwili wake. Mwaka 1994, miezi michache baada ya kushinda shaba ya mbio za kupokezana katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Lillehammer, Norway, medali ya kwanza ya Australia katika historia ya michezo hiyo, chuma cha kiatu cha mwenzake kilimpasua paja mjini Montreal. Alipoteza takriban lita nne za damu na kushonwa nyuzi 111. Mwaka 2000, mazoezini, mwenzake alianguka mbele yake, naye akajaribu kumruka, akamgonga na kwenda kichwa mbele hadi ukutani. Alivunjika pingili mbili za shingo, akavishwa fremu iliyoshikizwa kwa pini nne fuvuni kwa takriban mwezi mmoja na nusu.

Kwa sababu hiyo kamati imeamua kwamba magodoro ya ukutani yakaguliwe kabla ya kila zoezi, na kwamba mchezaji asiye na kinga ya shingo asiingie barafuni, hata akiwa mwanangu, ambaye mwezi uliopita aliisahau nyumbani na akashinda benchini akininunia.

Mwenyekiti