Sala ya Ijumaa: tunahitaji watu 10

Shalom ndugu zangu,

Ijumaa hii hatutakutana ukumbini. Tutasali nyumbani kwa mwenzetu aliyefiwa na mama yake mwezi uliopita. Mishumaa ya Sabato itawashwa saa 12:05 jioni, kabla jua halijazama, kwa hiyo tufike saa 11:30.

Bila watu wazima 10 mwenzetu hawezi kusema Kadishi, sala ya Kiyahudi ya wafiwa. Wiki iliyopita tulikuwa 9, akarudi nyumbani bila kuisema. Iliniuma sana. Sala ile haikitaji kifo hata mara moja, ni kumtukuza Mungu tu, na mfiwa anahitaji sauti zetu zimwitikie "Amina". Tuje na kavana, yaani moyo wote uwepo. Simu zizimwe kabla ya mishumaa.

1. Mchango wa mikate na divai ni sh. 200, kwa mhazini, mwisho Alhamisi saa 6 mchana.
2. Mwenye kitabu cha sala aje nacho.
3. Nani ana viti vya ziada?

Ibrahimu alipoitwa alijibu, "Mimi hapa." Musa naye vivyo hivyo kwenye kijiti kilichowaka moto. Anayekuja aandike maneno hayo hapa kabla ya Jumatano jioni. Asiyeweza pia aseme, nitafute mwingine mapema.

Naanza: Mimi hapa.