Mdogo wangu, unajikaza wapi?

Mdogo wangu,

Video uliyonitumia Jumapili nimeitazama mara sita. Ya kwanza kwa furaha, maana skwati, kuchuchumaa na kuinuka, ukiwa na chuma cha kilo 110 mabegani si mchezo, na mwaka jana tu ulikuwa unahema ukipanda ngazi za kwa mama mkubwa. Tano zilizobaki niliisimamisha palepale: umefika nusu ya kushuka, midomo inafunguka, fuuu, pumzi yote nje. Kufika chini kiuno kikapinda, kifua kikalala mbele, ukainuka makalio yakitangulia. Nyuma yako rafiki zako wanapiga kelele: "Jikaze! Jikaze!"

Kelele hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie hapa hadharani badala ya kukupigia, kwa sababu hauko peke yako. Neno hilo tunawatupia watu ovyo. Msibani jikaze, kwenye sindano jikaze, mshahara ukichelewa jikaze. Kwenye skwati lina maana halisi kabisa, ya misuli na pumzi, ila hakuna anayekuonyesha pa kukaza.

Hebu fanya hivi, hapo hapo ulipokaa. Ingiza vidole ubavuni, pale patupu kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Kohoa. Umesikia misuli ilivyovisukuma vidole nje? Ndiko huko. Sasa vuta pumzi mpaka isukume vidole vilevile, na mgongo wa chini nao uusikie unatanuka. Mabega yakipanda umekosea, hewa imeishia kifuani. Ukishajaa, funga koo, kaza tumbo kama mtu anayeona ngumi inakuja. Usilivute ndani. Vijana wengi wakiambiwa kaza tumbo wanalinyweza kama wanapigwa picha ufukweni.

Huko ndani, kiwambo, ule msuli uliotenganisha kifua na tumbo, kinashuka. Misuli ya tumbo na ya chini ya nyonga inakataa kuachia, presha inajaa katikati, na uti wa mgongo unapata kitu cha kuegemea kwa mbele. Umewaona wabeba mkaa wa baiskeli? Kabla ya kupakia magunia wanabonyeza tairi kwa dole gumba. Upepo ukipungua, rimu inagonga barabara na mzigo unayumba. Wewe ulitoa upepo mzigo ukiwa tayari juu.

Mbinu hii ina jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Bologna, Italia, aliyeieleza mwaka 1704 katika kitabu chake cha sikio. Yeye alikuwa akishughulika na masikio, kupuliza huku pua na mdomo vimezibwa, wala hakuwa na habari na skwati za mtu.

Sasa utaratibu. Toa chuma kwenye stendi, rudi hatua mbili, tulia. Kivute kikae mgongoni, viwiko viangalie chini, kama unayetaka kukipinda; tumbo likikaza na mgongo wa juu ukalegea, bado utalala mbele. Halafu ndipo unavuta pumzi. Shuka nayo, panda nayo, uiachie ukishapita pale pagumu. Ukisimama wima, toa yote, vuta nyingine. Pumzi moja, skwati moja. Usione aibu kusimama sekunde mbili tatu huko juu, hakuna anayekukimbiza.

Mimi mwaka juzi nilijitia ujuzi, nikapiga tatu kwa pumzi moja. Niliporudisha chuma niliona nyota, magoti yakawa uji, nikaikumbatia stendi kama mlevi na nguzo ya umeme. Bahati chuma kilikuwa kimeshakaa.

Na hapa naomba uache utani kidogo. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliwapima presha wanyanyua vyuma watano, moja kwa moja ndani ya mshipa, wakati wanasukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250. Ya mtu aliyetulia tunaitaka iwe kama 120 kwa 80. Ukishatua mzigo inashuka haraka, na mwenye afya njema kwa kawaida anastahimili. Lakini kwetu presha ni ya ukoo, na baba mdogo alivyoanguka unakumbuka. Nenda kapime kabla hujaongeza hata kilo mbili na nusu. Ikiwa iko juu, au kile kiuvimbe cha kinenani ulichonitajia ni ngiri, daktari ndiye atakayesema kama unaruhusiwa kubana pumzi, si mimi wala rafiki zako wa kupiga kelele.

Ule mkanda ulioniomba, subiri kwanza. Kazi yake ni kuwa ukuta wa kusukumia tumbo, na asiyejua kusukuma ni kama kavaa urembo. Nitakuletea nikija Desemba.

Wiki hii piga chuma kitupu, kilo 20, lakini kwa pumzi ya kilo 110. Nitumie video iliyopigwa ubavuni, si kwa mbele. Na ile fulana pana usiivae, nataka kuliona tumbo.

Kaka yako.